Viwanja Viwili vya Mwalimu Januarius

Mwalimu Januarius Bundala aliingia kibandani kwangu mwezi wa tano akiwa amebeba karatasi za manila zilizoviringishwa, akaniuliza kama cherehani zangu nne zinaweza kufanya kazi bila uzi. Nikamwambia cherehani bila uzi ni kuchosha miguu bure. Akafurahi. Akasema ndicho anachokitaka, miguu tu na ile sauti yake, dakika sita, polepole.

Mimi naitwa Violeth. Nashona sare za shule na za kwaya hapa Bariadi, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu wa kwaya anayoifundisha Mwalimu Januarius. Kwa hiyo ninayoyasimulia si ya kuambiwa. Subira sina, na Mwalimu analijua hilo. Nimemgombeza mara nyingi kuliko mkewe Felisita, na Felisita mwenyewe alishanipa ruhusa.

Mwalimu alizaliwa Nkoma, kule Itilima, mwaka sitini. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipopelekwa shule, na kutoka shule akaenda seminari. Huko alikaa miaka miwili akatoka na kinanda na nota. Upadre aliuacha hukohuko. Baadaye alifundisha shule za msingi miaka thelathini na saba, Itilima, Maswa, mwisho hapa Bariadi, akastaafu. Ametunga nyimbo arobaini na moja za kanisa, zote kwa ile do-re-mi yetu ya ubaoni, na kuna tatu zinaimbwa mpaka Shinyanga. Ana ekari tatu za pamba, ana mwavuli asiouacha hata kiangazi, na ana tabia ya kusimama katikati ya barabara kusikiliza. Bodaboda wamemzoea. Wanampitia pembeni wakipiga honi, naye anawaambia honi hiyo ni fa, imeshuka kidogo.

Jambo moja tu hatukulielewa juu yake, nalo ni ngoma. Kila mwaka mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu wanashindana, na mji mzima unakwenda kuona. Kwa asiyejua, ni vikundi viwili vinavyocheza kwa wakati mmoja, kila kimoja uwanjani kwake, vimetazamana. Hakuna jaji. Watu ndio jaji, nao wanahukumu kwa miguu. Panaponoga ndipo wanapokimbilia, na anayebaki na vumbi lake ameshindwa. Mwalimu Januarius, Msukuma wa Nkoma, tena mtoto wa manju aliyeongoza ngoma za Wagalu, hakukanyaga huko hata mara moja. Msimu ukifika alijifungia ndani akasahihisha nota. Tulidhani ni dini. Mimi mwenyewe nilimtetea hivyo mbele za watu, nikasema mzee ameokoka na anasa.

Alipostaafu, binti yake Precious, ambaye ni nesi Mwanza, alimletea simu kubwa. Humo ndimo Mwalimu alimookota ugonjwa wake. Alikuta okestra za Ulaya, si zile zinazopiga nyimbo za Krismasi, bali za watunzi wa sasa wasiotaka wimbo wala mdundo. Watu zaidi ya sabini wamekaa na fidla na matarumbeta, kila mmoja anapiga kitu chake, wanateleza juu na chini, wengine wanagonga mbao za vyombo vyao kwa vidole. Alituwekea siku moja baada ya mazoezi ya kwaya. Milembe, kiongozi wa sauti ya kwanza, akasema spika ya simu imekufa. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Haijafa, Milembe. Hawa wamekubali kwamba si lazima watu wote wapige kitu kimoja."

"Hata kuku wangu wamekubali hivyo," Milembe akasema, akachukua mkoba wake akaenda.

Mwalimu aliandika miaka mitatu. Aliiita Viwanja Viwili, na ilikuwa ya watu sabini na watatu. Karatasi alizozimwaga mezani kwangu siku ile hazikuwa na nota nilizozijua. Alikuwa amechora mistari minene na myembamba, vidoti vingi kama mtu aliyemwaga ulezi, na pembeni ameandika dakika na sekunde. Nusu ya okestra itakaa mashariki mwa uwanja wa shule na nusu magharibi, hatua sitini katikati. Mashariki kuna bendi ya matarumbeta, ngoma, njuga za miguuni na madebe yenye mbegu za pamba. Magharibi kuna mazeze manane, filimbi, fidla mbili za kuazima Mwanza, wanawake kumi na wawili wa kutoa sauti kwa pumzi, na cherehani zangu. Wasikilizaji watakaa katikati kwenye viti. Hakuna mtu wa kupunga kijiti. Nami nitakaa hapo katikati na saa ya simu, niinue vibao vyenye namba, kama mwamuzi wa mpira anavyoonyesha mchezaji anayetoka.

Ilipofika kibao cha kumi, mashariki walipaswa kulipuka kwa nguvu zote, na wakati huohuo magharibi washuke mpaka sauti iwe ndogo kabisa. Dakika sita.

"Mwalimu, hawa wa magharibi watasikika wapi?" niliuliza.

"Watasikika kwa atakayewasikiliza."

Nilikubali kutoa cherehani, lakini moyo ulikuwa haujakubali. Siku nilipokuwa nampima koti la onyesho nikashindwa kujizuia. Nikamwambia watu watamwona amechanganyikiwa. Ametunga nyimbo ambazo wanawake wanaimba wakifua, sasa hii nani ataimba?

"Hakuna."

"Sasa ya nini?"

Nilikuwa nimezungusha futi kifuani kwake, nikasikia kifua kimesimama. Akaanza kusema akitazama ukuta.

Mwaka sitini na saba, yeye akiwa na miaka saba, baba yake Mzee Bundala aliwaongoza Wagalu kwenye mashindano pale Nkoma. Walianza vizuri, watu wamewajaa. Kisha Wagika wa upande wa pili wakafungua kapu wakatoa chatu. Uwanja wa Mzee Bundala ukabaki mtupu kabla hajamaliza ubeti. Walibaki wapiga ngoma wake watatu na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa. Na Januarius naye alikimbia na watu. Jirani yao, Maduhu, akambeba mabegani ili aone. Alipokuwa kule juu akageuka, akamwona baba yake ng'ambo, bado anaimba, macho yamemkazia yeye.

"Hakunisema," Mwalimu akaniambia. "Hata siku moja. Jioni alikaa pale nje akinitazama nikila, basi. Angenichapa ningeshukuru."

"Na wewe hukumwambia kitu?"

"Ningemwambia nini? Tangu siku ile nikiona watu wamekusanyika kwenye ngoma nageuza njia. Baba sasa ana miaka themanini na tisa, Violeth. Nataka akae katikati, watu wamemzunguka, na kelele zikianza upande mmoja asione hata mtu mmoja anainuka. Upande mwingine usikilizwe mpaka mwisho. Nikiona hilo limefanyika mbele yake nitajua nimemwomba radhi. Kwa mdomo nimeshindwa."

Kipimo cha kifua kikanitoka kichwani, ikabidi nipime upya. Nilimhurumia sana, na nikajikasirikia mwenyewe kwa miaka yote niliyomsifu kwamba ni dini.

"Lakini Mwalimu, hapa ni Simiyu. Watu wakisikia viwanja viwili—"

"Nitaweka viti," akasema. "Mtu aliyekalia kiti hakimbii."

Hilo ndilo alilolitegemea, mtu mwenye akili zake zote.

Mazoezi yalichukua wiki saba. Kiongozi wa matarumbeta alikuwa Constantine, fundi redio wa Binza, kule Maswa, ambaye alikuja na vijana wake kumi kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza alisikiliza maelezo yote kwa heshima, kofia mkononi, kisha akauliza:

"Mwalimu, nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda, Constantine."

"Sasa tumegawanywa wawili kwa ajili gani?"

"Ili msikilizane."

Constantine akafikiri. "Sawa, Mwalimu. Lakini kama kuna anayeshinda tuambiwe mapema, tujipange."

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hawa walikuwa na ngoma sita. Kila tulipofika kibao cha kumi mashariki walipiga huku wamenyoosha shingo kuona kama magharibi wamekata tamaa. Magharibi nao, ambao kazi yao ilikuwa kushuka, walipandisha. Milembe aliimba mpaka mishipa ikamtoka, akidai ni pumzi tu. Kukazuka na maneno kwamba zeze moja limewekwa samba, ile dawa ya kuvuta watu. Milembe, ambaye ni mama wa kanisa na hajawahi kugusa hata hirizi, alinuna wiki nzima. Mwalimu hakupandisha sauti. Alikwenda kwa mmoja mmoja na karatasi yake, akawaonyesha mstari unavyopungua, akasema hapa ni nyembamba, hapa nyembamba zaidi, na polepole wakaanza kuelewa. Jumamosi ya sita nilifumba macho pale katikati. Masikio yangu yaliumizwa na matarumbeta, lakini chini yake nilisikia kitu kingine, mazeze na pumzi za wale wanawake na miguu kwenye cherehani. Sikupata jina lake. Nilitaka tu kisiishe. Niliporudi nyumbani sikuwasha redio.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi baada ya Sabasaba, saa kumi alasiri. Jua lilikuwa limepoa, uwanja umemwagiwa maji kukata vumbi. Viti vya plastiki mia tatu vilipangwa katikati, na vyote vilijaa, na waliokosa walikaa kwenye khanga. Mzee Bundala alifika kutoka Nkoma kwa gari la mjukuu, amevaa koti la zamani na kofia ya pama. Nilimpokea, nikapiga goti kidogo, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Bhabha."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nikamkalisha kando yangu mstari wa mbele. Mwalimu alisimama juu ya kreti la soda mbele yetu, amefunga vifungo vyote vya koti nililomshonea. Aliwaomba watu jambo moja, kwamba wakae. Wakapiga makofi. Nikabonyeza saa, nikainua kibao cha kwanza.

Nitasema ukweli, watu walivumilia. Mwanzoni walicheka, hasa cherehani zilipoanza, mtu nyuma akauliza gauni litakuwa tayari lini. Baada ya dakika kumi kicheko kikaisha. Filimbi za magharibi zilikuwa zikijibiwa na madebe ya mashariki, kila upande kwa mwendo wake, na vichwa vya watu vikageuka huku na huku, taratibu. Mzee Bundala hakugeuka. Aliinamisha kichwa akasikiliza, mkono juu ya fimbo. Mwalimu alimtazama yeye tu. Kibao cha tisa kilipita na hakuna aliyeinuka, nikaanza kuamini viti.

Nikainua cha kumi.

Mashariki wakalipuka kama ilivyoandikwa. Ngoma sita, njuga, matarumbeta kumi na moja. Karibu dakika moja mambo yalikwenda. Lakini kwenye bendi ya Constantine kulikuwa na mtu anaitwa Selestini, mpiga lile tarumbeta kubwa la besi, na Selestini alipoona macho ya watu mia tatu yanamtazama, damu ikamwita. Akalala chali chini. Akaweka tarumbeta kifuani, akapiga akiwa amelala, miguu yenye njuga inacheza hewani. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Mpiga ngoma mmoja akamrukia juu, huku na kule, bila kukosa pigo.

Bibi mmoja mstari wa pili akasimama. Akachukua kiti chake, akakibeba kichwani, akaenda mashariki. Nyuma yake wakainuka wengine, kila mtu na kiti chake, kwa adabu kabisa, wakitupitia na kutuomba radhi. Kisha adabu ikaisha wakakimbia. Mwalimu akapaza sauti akiwa kwenye kreti, "Kaeni! Jamani, kaeni!" Hakuna aliyemsikia. Katikati ya uwanja tukabaki mimi, Mzee Bundala, na yule mtunzi na koti lake.

Magharibi hawakuacha. Nawasifu mpaka leo. Milembe na wenzake walikuwa wanaona migongo ya watu, na bado walishuka kama walivyofundishwa, nyembamba, nyembamba zaidi. Nilitaka kulia kwa hasira. Miaka mitatu ya kazi, na mzee wa watu ameletwa kutoka Nkoma kuja kuonyeshwa jambo lilelile kwa mara ya pili.

Mzee Bundala akanishika mkono. "Mayu, niinue."

Nikajua anaondoka, uchungu umemzidi. Nikamwinua. Akajishikiza kwenye fimbo yake, akaanza kwenda, si kwenye gari. Alielekea mashariki. Mwalimu akashuka kwenye kreti mbio, nusura aanguke. Waliyosema waliyasema kwa Kisukuma, na mimi nayatoa kama nilivyoyasikia.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kule. Kuna nini kule?"

"Hakuna kitu, ni mtu amelala chini. Baba, rudi ukae. Hii ya upande wa magharibi nimekutungia wewe."

"Nimeisikia," mzee akasema. "Ni nzuri sana. Nitaisikia hata nikitembea."

Mwalimu akasimama mbele yake akamzuia njia, jambo ambalo mtu hamfanyii baba yake.

"Baba, mwaka ule wa chatu nilikukimbia. Nilikuacha na vumbi nikaenda na watu. Nisamehe."

Mzee akainua uso akamtazama. Nilidhani hakumbuki.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa mabegani kwa Maduhu."

"Ndiyo."

"Nikusamehe nini? Manju haachi ngoma yake akaenda kutazama nyoka wa watu. Lakini na mimi nilitaka kumwona yule chatu, we! Nilitaka mpaka nikakosea maneno ya wimbo wangu mwenyewe. Kisha nikakuona wewe kule juu, nikasema haya, wa kwangu mmoja yupo, atakuja kunisimulia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Jioni nikakaa nje nikakungoja. Ukala, ukaenda kulala. Nikasema labda kesho."

Mwalimu akavua miwani. Akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena. Dakika sita zilikuwa zimekwisha zamani na mimi sikuinua kibao chochote, kwa hiyo akina Milembe waliendelea tu, kwa pumzi, hakuna aliyewaambia waache.

"Alikuwa mkubwa?" mzee akauliza.

Mwalimu akarudisha miwani usoni.

"Baba, walipomtoa kapuni alitoka, akatoka, nikadhani hataisha. Walimshika watu watano. Kichwa chake kilikuwa kama ngumi ya Maduhu."

"Ehe," mzee akasema. Akamshika mwanawe begani, wakaanza kwenda pamoja, hatua za mzee, kuelekea walikokuwa watu. "Na rangi yake?"